Lango la Kushoto

Bwana Ackroyd amelalia ubavu wa kushoto,
shati lake kitini, limekunjwa kama barua.
Nampaka jeli. "Baridi," anasema,
"kama mfereji mwezi wa Januari,"
naye ni mtu wa kujua: miaka thelathini na minne
alilinda malango ya maji pale Bingley,
ngazi ya vidato vitano, mashua zikipandishwa kilima
na mizigo, mbwa na birika la chai.

Nazima taa. Moyo wake unajitokeza kiooni,
kijivu, una haraka.
Nauchungulia kama nyumba ya jirani
iliyosahau kuteremsha pazia.

Lile pale lango la mitro: majani mawili membamba
yanakutana, yanaachana.
Chini yake nyuzi, kama kamba za hema,
zimefungwa kwenye vidole vya nyama
ili majani yasipinduke
kama miavuli ya watu wa Leeds nje ya stesheni.

"Nani anayafunga?"
Hakuna. Hayana msuli, hayana bawabu.
Damu ikitaka kurudi ilikotoka,
inajifungia yenyewe.

Akacheka hadi picha ikatikisika.
"Basi ni yale yale! Sisi tulikuwa tukiyaelekeza tu.
Uzito wa maji ndio uliomaliza kazi.
Ndiyo maana yamewekwa pembe kwa pembe,
kama kofia ya askofu."
Na mimi jina hilo, mitro, nimelikariri miaka kumi
bila kuwaza kofia ya mtu yeyote.

Tulia sasa, Bwana Ackroyd. Usivute pumzi.
Lango la aota: majani matatu
yaliyopaswa kuwa laini kama ngozi ya kitunguu
yameota chokaa. Damu inapenya
upenyo wa penseli, inapiga kelele.
Mita nne nukta sita kwa sekunde.
Naandika. Kusema si kazi yangu;
daktari ndiye atakayemwambia kuhusu lango jipya
la utando wa ng'ombe, lililokunjwa ndani ya waya,
litakaloingilia pajani.
"Inaonekanaje?" Nzuri, nasema.
Nina maana ya picha.

Nilipokuwa nasomea mtihani, usiku, chumba cha kupanga,
nilijitungia ubeti nisisahau:

    Milango ipo moyoni, miwili kila upande,
    Damu iingie ndani, isirudi, isipande,
    Kulia tatu jueni, kushoto mbili zigande,
    Kishindo cha milangoni, sikiza moyo udunde.

Zigande. Kina kilinibana, nikalichukua.
Nilifaulu. Wiki nzima ikapita
kabla sijasikia nilichokiandika.

Siwema, dada yangu, Korogwe, miaka minane,
koo liliuma. Tulimsukutulisha maji ya chumvi.
Magoti yakavimba, yakapona, akarudi kuruka kamba.
Akiwa na ishirini na mbili, na mimba ya miezi saba,
alilala ameketi, mito mitatu mgongoni.
Mkunga alisema pumu.
Pumu tukaizika.

Yaliganda. Majani mawili, upande wa kushoto,
kingo kwa kingo, kama midomo ya mtu aliyenuna.
Hakuna aliyemzimia taa amtazame.

Jioni treni yangu ya Keighley inasimama Bingley
na leo, sijui kwa nini, nikashuka.
Mvua nyembamba. Malango meusi, yana kuvu,
na katikati, mbao zinapobusiana,
maji yanachuruzika.
Nilimuuliza hilo pia, akivaa shati.
"Kila lango linavuja kidogo, binti. Lisilovuja limekwama."
Nasi huandika hivyo hivyo kwenye ripoti:
kuvuja kidogo, kawaida.

Nikaupa mgongo ule mti mrefu wa lango
kama alivyonionyesha kwa mabega yake
pale kitandani, jeli haijakauka.
Nikakanyaga matofali, nikasukuma.

Haukusogea.
Maji yalikuwa hayajalingana.